Majina 156: uchambuzi wa kisa cha uandikishaji wa wapiga kura Selma, 1961–1966

Mwaka 1961, Kaunti ya Dallas katika jimbo la Alabama, Marekani, ilikuwa na watu Weusi wapatao 15,000 waliotimiza umri wa kupiga kura. Waliokuwemo kwenye daftari la wapiga kura walikuwa 156. Makao ya kaunti hiyo ni Selma, mji ambao dunia iliujua Machi 1965 kwa daraja, farasi, mabomu ya machozi na marungu.

Masimulizi mengi ya Selma huanzia darajani na kuishia kwenye kalamu ya Rais Lyndon Johnson, aliyetia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura tarehe 6 Agosti mwaka huo huo. Ukikisoma kisa namna hiyo, utadhani sheria ile ilizaliwa na picha za televisheni. Picha zilisukuma mambo, hilo halina ubishi. Lakini zilikuta bungeni swali ambalo picha haiwezi kulijibu: je, watu hawa wamezuiwa kweli, au hawakujishughulisha kujiandikisha? Jibu lilikuwa limeshaandaliwa kwa miaka, Jumatatu baada ya Jumatatu, na chama kidogo cha wenyeji kilichoitwa Chama cha Wapiga Kura wa Kaunti ya Dallas. Naona hicho ndicho kiini cha kisa, na ndicho kinachosahaulika upesi zaidi.

Mlango ulivyofungwa

Hapakuwa na sheria iliyosema mtu Mweusi asipige kura. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1870, yalikataza jambo hilo waziwazi. Alabama ikapita njia ya kuzunguka. Katiba yake ya 1901 iliweka masharti ambayo kwa sura yalimhusu kila raia, kisha utekelezaji ukaachwa mikononi mwa bodi ya waandikishaji watatu katika kila kaunti, walioteuliwa na wakubwa wa jimbo. Watu hao watatu waliamua nani anaingia na nani anabaki nje.

Tumfuate mtu mmoja anayetaka kujiandikisha Selma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ofisi inafunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, Jumatatu ya kwanza na Jumatatu ya tatu, saa za kazi. Kama yeye ni mpishi, yaya au kibarua wa shamba la pamba, itabidi amwombe ruhusa mwajiri wake Mzungu, na mwajiri atataka kujua anakwenda wapi. Akifika anakuta foleni. Waandikishaji wakienda kula mchana, ofisi inafungwa na foleni inasubiri juani.

Akifanikiwa kuingia, anadaiwa mdhamini: mpiga kura aliyekwisha kuandikishwa athibitishe kwamba anamfahamu. Wazungu hawakujitokeza kumdhamini Mweusi, kwa hiyo mzigo wa watu 15,000 uliwaangukia wale 156, ambao nao walikuwa na kazi na familia za kuzihofia. Katika kaunti jirani ya Lowndes, mwanzoni mwa 1965 hapakuwa na Mweusi hata mmoja kwenye daftari. Mdhamini wa kwanza angetoka wapi?

Kisha fomu ya kurasa kadhaa, yenye maswali ya makazi, kazi, historia ya mtu na uelewa wake wa wajibu wa raia. Hapa ndipo ujanja mwingi ulipofichwa. Nafasi moja iliyoachwa wazi au jibu lililoandikwa mahali pasipotakiwa lilitosha kumkataa mwombaji. Mahakama za shirikisho zilikuta mara kwa mara, huko Kusini kote, kwamba Mzungu aliyekosea fomu alisaidiwa pale pale mezani, na Mweusi aliyekosea kosa lile lile alirudishwa nyumbani. Baada ya fomu ukaja mtihani wa kusoma, kuandika na kufafanua vipande vya katiba, ambao mwaka 1964 uliongezewa ugumu. Kwa uchaguzi wa jimbo ilibaki pia kodi ya kura, dola 1.50 kwa mwaka, hadi mahakama ilipoifuta mwaka 1966. Na aliyekataliwa mara nyingi hakuelezwa sababu, hivyo akirudi hakujua arekebishe nini.

Marie Foster, mama aliyefanya kazi katika kliniki ya meno ya kaka yake, alijaribu mara nane kabla ya kukubaliwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wasomaji wengi wakisikia "mtihani wa kusoma" hudhani tatizo lilikuwa elimu. Tazama hesabu ya Kaunti ya Dallas kati ya Mei 1962 na Agosti 1964. Weusi 795 waliomba kuandikishwa, wakakubaliwa 93. Wazungu 1,232 waliomba, wakakubaliwa 945. Katika kila Weusi kumi alipita kama mmoja. Katika kila Wazungu kumi walipita zaidi ya saba. Meza ile ile, waandikishaji wale wale.

Katika hesabu hiyo, namba inayonigusa zaidi ni 795. Hawa ni watu waliokwenda wakijua karibu kwa yakini kwamba watakataliwa, na kwamba jina la aliyekwenda lilikuwa linafika kwa mwajiri. Mtu hafanyi hivyo peke yake. Kulikuwa na waliowaandaa.

Chama chenyewe

Samuel Boynton na Amelia Boynton walifika Kaunti ya Dallas kama maofisa ugani, wakifanya kazi na wakulima Weusi vijijini. Waliandikishwa wenyewe miaka ya 1930, na kwa miaka thelathini wakawa wanawashawishi wengine mmoja mmoja. Baadaye walifungua ofisi yao ya bima mjini. Chama cha Wapiga Kura kiliendeshwa na watu wa aina hiyo. Kamati yake ya uongozi ilikuja kujulikana kama Wanane Mashujaa: Amelia Boynton, Marie Foster, Frederick Reese, Ulysses Blackmon, James Gildersleeve, Ernest Doyle, J. D. Hunter na Henry Shannon.

Ukichunguza riziki zao utaelewa kwa nini ni hao na si wengine. Boynton alikuwa na biashara yake. Foster aliajiriwa na kaka yake. Gildersleeve na Blackmon walifundisha shule ya kanisa la Kilutheri, si ya serikali. Mkate wao haukutoka moja kwa moja kwa Mzungu wa Selma. Reese peke yake, mwalimu wa shule ya serikali na mchungaji, alikuwa shingoni mwa bodi ya shule ya Wazungu, na ndiyo maana alichokuja kukifanya Januari 1965 kilikuwa na uzito wa pekee. Shirika lolote la kutetea haki za kura linapochagua watu wa mstari wa mbele lingefanya vema kuuliza swali hilo mapema: nani anaweza kufukuzwa kazi kesho, na nani atamlisha?

Kazi ya chama ilikuwa ya kimya. Foster alianzisha darasa la jioni la kuwafundisha watu kujaza fomu. Usiku wa kwanza alikuja mwanafunzi mmoja, mzee wa miaka kama sabini, asiyejua kusoma. Foster alimfundisha kuandika jina lake. Darasa likaendelea, wakaongezeka. Walikuwa wanapitia fomu swali kwa swali: hapa andika hivi, hapa usiruke, hapa wanapenda kukukamata. Ni kazi isiyopigwa picha, na bila hiyo hakuna ambaye angekuwa na cha kupeleka mahakamani, kwa sababu fomu iliyojazwa sawasawa na bado ikakataliwa ndiyo inayoonyesha ubaguzi.

Februari 1963 alifika Bernard Lafayette, kijana wa miaka 22, pamoja na mkewe Colia. Walitumwa na SNCC, Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati za Amani. Kabla ya hapo kamati hiyo ilikuwa imeufuta mji huo kwenye orodha yake kwa kuuona mgumu mno, na Lafayette akaomba apewe huo huo. Kwa miezi ya mwanzo alikuwa anasikiliza tu, akitumia ofisi ya akina Boynton, akiwauliza wazee nani anaheshimiwa wapi. Hakufika na kuanza kutoa amri kwa watu waliokuwa kwenye kazi hiyo kabla hajazaliwa.

Mei 1963 Samuel Boynton alifariki. Chama kiliamua kumfanyia ibada ya kumbukumbu na kuigeuza kuwa mkutano wa kuhamasisha uandikishaji. Mchungaji L. L. Anderson wa kanisa la Tabernacle Baptist alikubali kulifungua kanisa, ingawa wazee wake wa kanisa walikuwa na hofu. Sherifu Jim Clark na wasaidizi wake walifika. Watu waliingia hata hivyo, na huo ukawa mkutano mkubwa wa kwanza wa harakati hizo Selma. Mwezi uliofuata, usiku ule ule Medgar Evers, mwanaharakati wa haki za Weusi, alipouawa Mississippi, Lafayette alivamiwa na kupigwa mbele ya nyumba alimokuwa anaishi. Hakuondoka. Siku zilizofuata alitembea mjini na damu kwenye shati lake ili watu waone kwamba bado yupo.

Mahakama peke yake haikutosha

Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki waandikishaji wa Dallas mwezi Aprili 1961. Shauri lilipangwa kwa Jaji Daniel Thomas. Ilichukua zaidi ya mwaka kusikilizwa. Jaji alikubali kwamba waandikishaji waliotangulia walibagua, lakini kwa kuwa walikuwa wamejiuzulu na wapya wameteuliwa, aliona hakuna haja ya kutoa zuio. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo mwaka 1963. Kufikia hapo waandikishaji wapya walikuwa wamepata mbinu mpya. Ukiwakataza mbinu moja, wanaleta nyingine, nawe unaanza kukusanya ushahidi upya wa mbinu hiyo, na wakati huo uchaguzi unapita.

Baada ya miaka minne ya mashauri, Weusi walioandikishwa walitoka 156 wakafika 383.

Hapa ndipo ninapowatofautisha wanasheria na chama. Wanasheria wa serikali walifanya kazi kwa uadilifu, wakapekua maelfu ya fomu. Lakini walikuwa wanafukuza kosa lililokwisha kutendeka. Chama kilikuwa kinaleta waombaji wapya kila ofisi ilipofunguliwa, na hivyo rekodi haikuwahi kukauka. Kama watu wangekata tamaa baada ya hukumu ya kwanza, serikali ingebaki na shauri la zamani tu, na kila mtu angesema mambo yamebadilika.

Tarehe 7 Oktoba 1963 chama na SNCC waliitisha walichokiita Siku ya Uhuru. Watu wapatao 350 walipanga foleni nje ya mahakama ya kaunti, wengi wao wa makamo na wazee. Walisimama tangu asubuhi. Wasaidizi wa sherifu hawakuruhusu waliokuwa foleni watoke kwenda kunywa maji au kujisaidia kisha warudi kwenye nafasi zao, na hawakuruhusu mtu kuwaletea chochote. Vijana wawili wa SNCC walipojaribu kuwapelekea chakula na maji, waliangushwa chini na kuchomwa na fimbo za umeme zinazotumika kuswagia ng'ombe. Ng'ambo ya barabara lilikuwepo jengo la serikali ya shirikisho. Maofisa wa FBI na wanasheria wa Wizara ya Sheria walikuwepo, wakatazama, wakaandika. Hakuna aliyevuka barabara. Mwandishi James Baldwin alikuwa pale siku hiyo na alikasirika sana kwa hilo. Nami kila nikisoma habari za siku ile nashindwa kuielewa serikali iliyofungua shauri kuwatetea watu hao mahakamani, kisha ikawaangalia wakinyimwa maji.

Julai 1964, siku chache baada ya Sheria ya Haki za Kiraia kutiwa saini, jaji wa jimbo, James Hare, alitoa amri iliyokataza mikusanyiko ya watu watatu au zaidi chini ya mashirika na viongozi walioorodheshwa. Mikutano ya hadhara ikafa kwa karibu miezi sita. Wale Wanane waliendelea kukutana kwa siri, na kwenye vikao hivyo wakafanya uamuzi uliobadilisha kila kitu: walimwandikia Martin Luther King Mdogo na shirika lake la SCLC, wakawaalika Selma. Barua ilitoka kwa wenyeji. Watu wa SNCC waliokuwa wamevuja jasho pale tangu 1963 hawakufurahi kuona shirika lenye fedha na waandishi wa habari likiingia mahali walipolima wao, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake. Lakini chama kilikuwa kimeona kwamba kikibaki peke yake chini ya amri ya Jaji Hare, kazi ya miaka yote ingekufa kimya.

Tarehe 2 Januari 1965, King alihutubia kanisa la Brown Chapel mbele ya umati. Amri ya Hare ilivunjwa hadharani usiku huo.

Walimu wenye miswaki

Kama ningelazimika kuchagua siku moja ya kisa hiki, ningechagua Ijumaa ya tarehe 22 Januari 1965. Reese alikuwa kiongozi wa chama cha wapiga kura na pia wa chama cha walimu Weusi wa Selma. Siku hiyo, baada ya vipindi, zaidi ya walimu mia moja waliandamana wawili wawili kwenda mahakamani. Wengine walibeba miswaki ya meno, kwa sababu walitarajia kulala rumande.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Hawa ni waajiriwa wa serikali za Wazungu. Wakifukuzwa, hakuna shule nyingine ya kwenda kuomba kazi. Wana vyeti, wengine wana shahada, wanafundisha watoto kusoma, na karatasi za kaunti zinasema wao wenyewe hawafaulu mtihani wa kusoma. Viongozi wa shule walijaribu kuwazuia kwenye ngazi. Sherifu Clark na watu wake waliwasukuma chini kwa marungu. Walijipanga, wakapanda tena. Wakasukumwa tena, wakapanda. Hakuna aliyekamatwa. Kuwafunga walimu wote kungemaanisha maelfu ya wanafunzi barabarani Jumatatu.

Waliporudi Brown Chapel walikuta wanafunzi wao wamejaa kanisani wakiwashangilia. Baada ya siku hiyo mafundi wa saluni walifanya maandamano yao, wenye kampuni za mazishi wakafanya yao. Tabaka la watu wenye cha kupoteza lilikuwa limejiunga. Hoja ya kwamba wanaolalamika ni wachochezi kutoka nje na vijana wasio na kazi ilikosa miguu.

Februari mosi King alikamatwa pamoja na mamia. Barua yake kutoka rumande, iliyochapishwa gazetini New York siku nne baadaye, ilisema kwamba Weusi waliofungwa pamoja naye ni wengi kuliko waliomo kwenye daftari la wapiga kura. Tarehe 4 Februari Jaji Thomas, yule yule wa mwaka 1962, aliamuru mtihani mgumu uachwe na ofisi ipokee maombi yasiyopungua 100 kila siku inapofunguliwa.

Hapo ukazuka mzozo ambao vitabu vingi huupita haraka. Waandikishaji waliweka daftari la foleni: ukija siku ambayo ofisi haiandikishi, unasaini, unapata namba, nayo itafuatwa zamu yako ikifika. Viongozi wa chama waliliona ni hatua. Angalau mtu hatapoteza siku nzima juani bure. James Bevel wa SCLC aliliona ni mtego wa kupoza maandamano, akakataa kulisaini tarehe 8 Februari, akapigwa na sherifu na kuwekwa ndani. Wiki iliyofuata msimamo ulilegezwa na mamia wakasaini. Nadhani wenyeji walikuwa sahihi, na si kwa sababu ya upole. Kila saini kwenye daftari lile ilikuwa jina la mtu aliyetaka kupiga kura, limeandikwa kwenye kitabu cha kaunti yenyewe. Bevel alitaka shinikizo liendelee, chama kilitaka majina yaingie. Mwezi ule walihitaji vyote viwili, na ni bahati kwamba hawakuvunjika vipande wakibishana.

Darajani, kwa ufupi

Usiku wa tarehe 18 Februari, katika mji jirani wa Marion, askari wa jimbo alimpiga risasi Jimmie Lee Jackson, kijana wa miaka 26 aliyekuwa ameshajaribu kujiandikisha akakataliwa. Alifariki tarehe 26. Askari huyo alikuja kukiri kosa la kuua bila kukusudia mwaka 2010. Kifo hicho kilizaa wazo la kutembea maili 54, kama kilomita 87, hadi Montgomery, makao makuu ya jimbo.

Jumapili ya tarehe 7 Machi watu wapatao 600, wakiongozwa na John Lewis wa SNCC na Hosea Williams wa SCLC, walivuka daraja la Edmund Pettus na kukuta askari wa jimbo wamejipanga. Yaliyofuata yanajulikana: farasi, mabomu ya machozi na marungu. Ninachotaka kukumbusha ni nani walikuwa mstari wa mbele. Amelia Boynton alipigwa hadi akazimia, na picha yake akiwa amelala chini ikazunguka dunia. Marie Foster alipigwa magoti yakavimba. Wiki mbili baadaye, maandamano yaliporuhusiwa na Jaji Frank Johnson, Foster aliitembea safari yote kwa siku tano hadi Montgomery. Mwalimu wa darasa la mtu mmoja aliingia Montgomery na umati wa watu wapatao 25,000. Watu watatu walikuwa wameuawa katika harakati hizo kufikia usiku wa tarehe 25 Machi: Jackson, mchungaji James Reeb, na Viola Liuzzo, mama kutoka Detroit aliyekuwa anawarudisha waandamanaji kwa gari lake.

Sheria na majibu yake

Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Nicholas Katzenbach, alipokwenda Bunge kuitetea sheria mpya, alikwenda na shauri la Selma mkononi: miaka minne, hukumu, rufaa, na majina 383. Muswada ulipita kwa kura 328 dhidi ya 74 katika Baraza la Wawakilishi, na 79 dhidi ya 18 katika Seneti.

Isome sheria hiyo ukiwa na picha ya yule mwombaji wetu kichwani, utaona imemfuata hatua kwa hatua. Mtihani wa kusoma ulisitishwa katika majimbo yaliyokuwa na mtihani huo na ambayo chini ya nusu ya watu wazima walikuwa wameandikishwa au wamepiga kura mwaka 1964. Tafsiri ya "mtihani" ilitaja pia sharti la mdhamini, kwa maneno yake. Serikali ya shirikisho ilipewa uwezo wa kutuma waandikishaji wake pale wa kaunti wanapokataa, na waangalizi siku ya kura. Kifungu cha 5 kiligeuza mzigo: majimbo hayo yakitaka kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi, yaombe kibali kwanza, Washington, na yaonyeshe kwamba haibagui. Ule mchezo wa kubuni mbinu mpya baada ya kila hukumu ulikatwa hapo.

Waandikishaji wa shirikisho walifika Selma tarehe 10 Agosti, siku nne baada ya saini. Katika Alabama nzima, Weusi walioandikishwa walipanda kutoka asilimia 19.3 kabla ya sheria hadi asilimia 51.6 mwaka 1967.

South Carolina ilipinga sheria hiyo Mahakama Kuu ya Marekani. Hukumu ilitoka tarehe 7 Machi 1966, mwaka mmoja kamili baada ya Jumapili ile ya darajani. Mahakama iliunga mkono sheria, na ilipoeleza kwa nini njia ya mashauri ya moja moja ilishindwa, ilitoa mfano wa Selma: kutoka 156 hadi 383 kati ya watu 15,000. Ikaongeza kwamba kama kulikuwa na mtu aliyedhani namba hizo zinatokana na watu kutojali, maandamano ya Selma yalikuwa yamemwondolea dhana hiyo. Kazi yote ya chama imo katika sentensi hiyo ya mahakama, ingawa chama hakikutajwa.

Tarehe 3 Mei 1966 ilifanyika kura ya mchujo ya chama cha Democratic. Sherifu Clark aligombea tena dhidi ya Wilson Baker, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mji. Foleni ziliundwa na watu ambao miezi michache nyuma Clark alikuwa anawasukuma ngazini. Kura zikapigwa, na kamati ya chama hicho cha Democratic katika kaunti ikakataa kuhesabu masanduku sita kutoka vituo vya watu Weusi kwa madai ya kasoro. Waangalizi wa shirikisho walikuwa wameona upigaji kura ulivyokwenda. Wizara ya Sheria ilikimbilia mahakamani, na Jaji Thomas aliamuru masanduku yahesabiwe. Clark akaanguka. Alijaribu tena Novemba kwa wapiga kura kuandika jina lake kwa mkono, akashindwa tena.

Kilichobaki wazi

Kuwa na daftari lenye majina hakukuleta madaraka kwa kasi hiyo hiyo. Reese na Weusi wenzake wanne waliingia baraza la mji mwaka 1972. Meya Joe Smitherman, aliyekuwa madarakani wakati wa maandamano yote, aliendelea hadi mwaka 2000, ndipo James Perkins akawa meya wa kwanza Mweusi wa Selma. Miaka 35 baada ya daraja ni kizazi kizima.

Udhaifu wa sheria ulikuwa pale pale penye nguvu yake. Kifungu cha 5 kilitegemea kanuni ya kuainisha majimbo kwa takwimu, na tarehe 25 Juni 2013 Mahakama Kuu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliifuta kanuni hiyo kwa kusema imepitwa na wakati. Shauri lililetwa na Kaunti ya Shelby, nayo iko Alabama. Jimbo hilo lilikuwa limepitisha sheria ya kudai kitambulisho chenye picha mwaka 2011, na baada ya hukumu likaanza kuitekeleza mwaka 2014 bila kuomba kibali. Mwaka 2015 likatangaza kufunga ofisi 31 za leseni za udereva, kitambulisho kinachotumiwa na wengi, kwa sababu ya bajeti. Baada ya malalamiko, ofisi hizo ziliahidiwa kufunguliwa siku moja kwa mwezi. Ofisi ya waandikishaji ya Selma mwaka 1963 ilifunguliwa siku mbili.

Mabadiliko kama hayo, Alabama ingelazimika kuyapeleka Washington kabla ya kuyatekeleza. Sasa mwananchi anayeyaona yanambagua hana budi kufungua shauri, kukusanya ushahidi na kusubiri, kwa njia ile ile iliyofunguliwa Selma Aprili 1961, na ushahidi huo bado unakusanywa na vyama vya wenyeji wanaojua ni ofisi gani ilifungwa, siku gani, na nani alirudishwa mlangoni.